Cheni ya Albina Imechomoka Tena

Jumamosi kwa Protasi ilikuwa siku ya kuosha baiskeli. Watu wengine wa Mpepai siku hiyo waliosha nguo. Protasi aliosha baiskeli, na aliiosha kana kwamba kesho yake itapokea komunyo ya kwanza.

Aliigeuza kichwa chini miguu juu, pale uani karibu na kichanja cha kuanikia kahawa. Alifungua nati kwa spana. Alitoa gurudumu la nyuma. Alitoa cheni na kuitumbukiza kwenye beseni lenye mafuta ya taa. Kisha alisugua kwa brashi huku akipiga mluzi.

"Baba Devotha!" mkewe Albina alipaza sauti kutoka jikoni. "Hilo beseni ni la kuoshea vyombo!"

"Nitalisafisha."

"Hata Jumamosi iliyopita ulisema utalisafisha. Mpaka leo tunakula ugali wenye harufu ya koroboi."

Protasi alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hodari wa shamba, na pombe hakuizoea. Lakini alikuwa na kasoro moja. Kazi akiifanya kwa mikono yake, basi haina kosa. Kosa litafutwe kwa mtu mwingine.

Na jambo moja lijulikane mapema. Baiskeli ile haikuwa ya Protasi. Ilikuwa ya Albina. Aliinunua mwenyewe baada ya kuuza maharage ya ngoro zake, yale mashamba ya vishimo ambayo Wamatengo hulima kwenye miteremko. Protasi aliiosha. Aliyeiendesha ni Albina.

Kila asubuhi Albina alimpelekea uji mama yake, Bibi Kunigunda. Bibi huyo aliishi peke yake ng'ambo ya bonde. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mara moja alijaribu kuwasha moto mwenyewe, akaungua mkono. Tangu siku hiyo Albina alimkataza kupika. Alipika yeye, akaweka uji kwenye kindoo chenye mfuniko, akakifunga kindoo kwenye keria ya baiskeli, akaondoka.

Kabla ya baiskeli, safari hiyo ilimla asubuhi nzima. Ukishuka bonde kwa miguu, ukapanda, ukarudi, jua liko utosini na jembe bado halijashikwa. Baada ya kununua baiskeli, Albina alifika kwa mama yake uji ukitoa moshi, na alirudi shambani umande haujakauka. Hakuomba kingine duniani. Alitaka mama ale uji wa moto, na shamba lilimwe.

Basi taabu ilianza mara tu baada ya Pasaka.

Siku ya kwanza Albina alikuwa anapanda kilima kidogo karibu na duka. Alikanyaga pedeli kwa nguvu. Ghafla, krrr! Pedeli ikawa nyepesi. Miguu ikazunguka bure. Cheni ilikuwa imechomoka kwenye meno na kuning'inia. Baiskeli iliyumba, ikamwangusha. Kindoo kilifunguka, uji ukamwagika barabarani.

Nje ya duka alikaa Gaudence, mdogo wake Protasi, na wanaume wenzake. Gaudence alicheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji! Nilisema mimi! Miguu iliyozoea shamba haiwezi pedeli!"

Albina aliinuka. Kiwiko kilikuwa kinatoka damu.

"Shemeji, ukimaliza kucheka njoo unishikie baiskeli nirudishe cheni."

"Mimi? Na shati hili jeupe?"

"Basi kaa na shati lako."

Albina alirudisha cheni peke yake. Mikono ikawa myeusi tii. Akapanda tena. Cheni ikachomoka tena kabla hajafika darajani. Hapo akaisukuma baiskeli mpaka kwa mama yake.

Bibi Kunigunda alipapasa kindoo.

"Mwanangu, leo vipi? Uji kidogo, tena umepoa."

"Nimeanguka, mama."

"Hiyo baiskeli itakuja kuniulia mtoto."

"Si baiskeli, mama."

"Kama si baiskeli, ni nini?"

Albina mwenyewe hakujua. Hilo lilimuuma kuliko kidonda cha kiwiko.

Aliporudi nyumbani alimweleza mumewe. Protasi aliitazama baiskeli kwa kiburi, kama mtu anayetazama ng'ombe wake aliyenona.

"Cheni inang'aa," alisema. "Mafuta nimetia. Nati nimezikaza mpaka spana ikalia. Gurudumu limekaa mpaka mwisho, kama jembe kwenye mpini. Mama Devotha, tatizo ni wewe. Unakanyaga pedeli kwa fujo."

"Na nikikanyaga polepole?"

"Inategemea. Labda unakanyaga polepole mno."

"Khaa! Sasa nikanyage vipi? Nikanyage kwa mikono?"

Protasi aligeuka. Akaenda kuangalia kahawa yake.

Albina alijaribu kukanyaga kwa nguvu. Cheni ilichomoka. Alijaribu polepole. Ilichomoka. Aliondoa mzigo wa ndizi mbivu alizokuwa akimbebea mama. Ilichomoka vilevile. Kila alipopita pale dukani, kulikuwa na mtu wa kumpa ushauri. Mmoja alisema gauni lake linaisumbua cheni. Mwingine alisema baiskeli haipendi wanawake. Haipendi wanawake! Chuma kina mapenzi? Na baiskeli hiyohiyo ilikuwa imemtii tangu siku ilipotoka Mbinga mjini, miezi mingi kabla ya Pasaka. Ulimi hauna mfupa, kila mtu aliuzungusha alivyotaka. Hakuna hata mmoja aliyeinama kuitazama cheni yenyewe.

Jumapili, baada ya misa, ukoo ulikusanyika kwa Mzee Xaveri, baba yao Protasi na Gaudence. Mzee huyo bado alishika desturi ya sengu. Zamani za Wamatengo, watu wa ukoo mmoja walikula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao, na hapohapo kwenye chakula wakasema mambo yao. Siku hizi familia nyingi zimeacha. Mzee Xaveri hakuacha. Alikuwa na sheria yake: neno lililosemwa kwenye sengu hufutwa kwenye sengu, si kando.

Walikula ugali na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kutoka Lundo. Walipomaliza, Gaudence akakohoa.

"Baba, nina neno. Kahawa imeiva. Mimi sina cha kubebea mpaka kituo cha kukoboa. Na hapa kuna baiskeli inayomwangusha shemeji kila siku. Naomba nipewe mimi. Cheni nitaikata pingili mbili, itakaza yenyewe."

Albina alimtazama mumewe. Alisubiri aseme, "Hiyo ni mali ya mke wangu." Protasi alitazama vidole vyake.

"Mimi baiskeli naitunza," alisema mwishowe. "Kila Jumamosi naisafisha, kila mtu anajua. Sasa kama inamwangusha, labda kweli mwenzangu haiwezi."

Damu ilimpanda Albina mpaka masikioni. Maneno yale ayasemee nyumbani, sawa, ni ya mke na mume. Lakini kuyasema mbele ya baba mkwe, mbele ya mashemeji, mbele ya mawifi walioshika sahani! Alisimama.

"Baba, naomba ruhusa niseme."

"Sema, mkwe wangu."

"Baiskeli hii nimeinunua kwa maharage yangu. Mgongo uliovunjika kwenye zile ngoro ni wangu. Wakati naendesha vizuri, mbona hakuna aliyeniita kwenye kikao kunisifu?"

Wengine waliguna. Mzee Xaveri aliinua mkono.

"Hakuna anayesema si yako. Lakini nakiona kiwiko chako. Ukivunjika mguu, nani atamlisha mama yako? Wiki ijayo tukikutana hapa, Gaudence ataichukua mpaka msimu wa kahawa uishe. Kisha atakurudishia."

Atakurudishia! Albina alimjua shemeji yake. Panga walilomwazima Gaudence lilikuwa bado "linarudi" tangu msimu wa juzi. Baiskeli ikiingia kwa Gaudence, kuonekana tena ni majaliwa. Na mama yake angerudi kuusubiri uji mpaka jua liwake.

Wiki hiyo Albina alitembea kwa miguu. Hakuimba alipokuwa akipika, na aliyeuliza habari zake alijibiwa "nzuri" ya mkato.

Jumamosi ikafika. Protasi, kama kawaida, akaigeuza baiskeli kichwa chini miguu juu.

"Naisafisha vizuri," alisema. "Mdogo wangu asije akasema tumempa uchafu."

Albina alikuwa anapepeta maharage. Ungo ulisimama mkononi. Alitaka kusema jambo ambalo lingemlazimu kwenda kuungama. Kabla hajalisema, pikipiki ilisimama nje ya ua.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Getrude, afisa kilimo wa kata. Watu walimwita Bibi Shamba. Alikuja kukagua mibuni, kwa sababu chulebuni, ule ugonjwa wa kuozesha punje za kahawa, ulikuwa umeonekana kijiji cha jirani. Getrude alikuwa mwenyeji wa Shinyanga, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea akiwa mbali na anayeongea naye.

"Mama Devotha, habari za tangu siku ile?"

"Habari zangu ziko hapa," Albina alijibu, akamwonyesha kiwiko.

Akamweleza yote. Alieleza kuhusu uji, duka, fujo za pedeli na sengu. Alieleza kwa sauti ya kutosha ili Protasi asikie kila neno. Protasi alizidi kusugua na kupiga mluzi.

Getrude alikaa kwenye kigoda.

"Kwetu Shinyanga baiskeli ni kama miguu," alisema. "Marehemu baba yangu alikuwa fundi, na watoto wake wote alitufundisha, wa kike na wa kiume. Nikuulize kitu kimoja. Shida hii ilianza lini?"

"Baada ya Pasaka."

"Kabla ya Pasaka cheni haikuchomoka?"

"Hata mara moja."

"Na baada ya Pasaka ni kitu gani kilibadilika? Njia? Mzigo?"

Albina alifikiri. Njia ni ileile. Mzigo ni uleule. Miguu ni ileile pia, aliyopewa na Mungu. Macho yake yakaenda uani. Yakatua kwenye gurudumu la nyuma, lililokuwa limelala kwenye nyasi peke yake. Ungo ukamtoka mkononi.

"Baba Devotha! Kabla ya Pasaka ulikuwa unapangusa kwa kitambaa tu! Gurudumu ulikuwa hulitoi! Umeanza kulitoa Jumamosi ile ya kuamkia Pasaka, ukasema unataka kuosha cheni mpaka ndani!"

Mluzi wa Protasi ulikatika.

"Sasa kuosha ni dhambi?"

"Kuosha si dhambi, Baba Devotha," Getrude alisema. "Cheni ikijaa vumbi na matope inakwisha haraka. Kuiosha kwa mafuta ya taa ni vizuri. Umeikausha kwa kitambaa?"

"Ndiyo."

"Umetia oili kidogo na kufuta ile iliyozidi?"

"Ndiyo!" Protasi alipata nguvu. "Kila kitu nafanya!"

"Vizuri sana. Sasa rudisha gurudumu kama unavyolirudisha siku zote. Tuone."

Protasi aliinama. Alipanga cheni kwenye meno ya mbele na ya nyuma. Aliingiza ekseli, kile chuma cha katikati ya gurudumu, kwenye mianya yake miwili. Kisha akalisukuma gurudumu kwa goti, likaenda mbele mpaka likagota. Akakaza nati.

"Mpaka mwisho," alisema. "Kama jembe. Jembe lisipopigwa mpaka likagota, litachomoka kwenye mpini."

"Mama Devotha, njoo," Getrude aliita. "Shika cheni hapa katikati, kati ya meno ya mbele na ya nyuma. Inyanyue na kuishusha."

Albina alishika. Cheni ilipanda na kushuka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Imelegea!"

"Hapo ndipo mchawi alipo," Getrude alisema. "Tazama huu mwanya wa ekseli. Kwa nini ni mrefu? Kama gurudumu lingetakiwa kukaa mahali pamoja tu, kiwandani wangetoboa tundu la mviringo basi. Wameacha nafasi ili gurudumu liweze kwenda mbele na kurudi nyuma. Ukilisukuma mbele, linakaribia pedeli, na cheni inalegea. Ukilivuta nyuma, linakwenda mbali na pedeli, na cheni inakaza. Jembe ni jembe, Baba Devotha. Gurudumu si jembe."

Protasi alitazama mwanya ule kana kwamba ameuona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Albina hakumpa nafasi ya kupumua.

"Kumbe! Wewe unailegeza Jumamosi, mimi naanguka Jumatatu! Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na jua lenyewe ni mimi! Mpaka kwenye sengu umenipeleka!"

"Sikujua, Mama Devotha."

"Hukujua, lakini ulisema!"

Protasi aliiweka spana chini.

Getrude alichukua spana. Protasi akanyoosha mkono aipokee. Bibi Shamba akampita, akampa Albina.

"Mwenye baiskeli ajue baiskeli yake. Legeza nati zote mbili, za kulia na kushoto. Usizitoe. Zilegee tu, mpaka gurudumu lisogee."

Albina alilegeza.

"Sasa vuta gurudumu nyuma, cheni inyooke."

Albina alivuta kwa hasira zote za wiki nzima. Cheni ikanyooka. Akakaza nati ya upande wa cheni kwa nguvu, kisha ile nyingine. Akazungusha pedeli. Gurudumu likazunguka kidogo, likasugua fremu, shwaa, shwaa, likasimama.

"Mama yangu! Nimeiharibu!"

"Hujaharibu. Umevuta upande mmoja zaidi, gurudumu limekaa mshazari. Ngoro yako ukiinua tuta la upande mmoja na kuacha la pili chini, mvua ikinyesha inakuwaje?"

"Maji yanabomoa pale palipo chini."

"Ni hivyohivyo. Huku na huku viwe sawa. Legeza tena."

Albina alilegeza. Safari hii alivuta polepole. Alichungulia kwa nyuma, tairi likae katikati kabisa ya vyuma viwili vya fremu. Getrude alimwonyesha namna ya kukaza: kidogo upande huu, kidogo upande ule, kisha tena huku na tena kule, ili gurudumu lisivutwe na upande mmoja.

"Sasa pima cheni. Inyanyue pale katikati."

Cheni ilicheza kidogo tu, kama upana wa kidole.

"Naomba niikaze zaidi," Albina alisema. "Isichomoke milele."

"Hapana. Ikikaza kama waya wa gitaa, pedeli itakuwa nzito, na cheni na meno vitakwisha haraka. Iachie nafasi ya kidole kimoja hivi. Kisha zungusha pedeli polepole mzunguko mzima, ukipima. Kuna mahali cheni hukaza kuliko pengine. Hapo inapokaza zaidi, iwe bado inacheza kidogo."

Albina alizungusha na kupima. Ilikuwa inacheza.

"Na kukata pingili?" Protasi aliuliza kwa sauti ndogo. "Mdogo wangu alisema atakata mbili."

"Usimruhusu mtu akate cheni kwa sababu ya gurudumu lililowekwa vibaya. Mngeikata, ingekuwa fupi, na gurudumu lingekosa nafasi yake. Lakini siku ukilivuta gurudumu mpaka nyuma kabisa, na cheni bado inaning'inia, ujue hiyo imechoka. Nunua mpya. Na kabla hujapanda, jaribu breki. Gurudumu likihama, mipira ya breki inaweza isikamate rimu vizuri. Kwenye miteremko yenu hii, breki mbovu ni jeneza."

Walijaribu breki. Mpira mmoja ulikuwa umekaa pembeni. Getrude aliusogeza, akaukaza. Albina naye akachukua msumari. Akachora alama ndogo kwenye chuma, huku na huku, pale ekseli ilipokaa.

"Hii ya nini?" Protasi aliuliza.

"Ya kwako. Siku ukitoa gurudumu tena, ulirudishe kwenye alama. Na ukirudisha, upime kwa kidole. Kidole unacho."

Getrude alicheka kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia. Kisha akaenda kukagua mibuni aliyoijia.

Jioni hiyo Protasi alisema, "Mama Devotha, yameisha. Baiskeli imepona. Kesho nitamnong'oneza Gaudence kuwa tumeghairi."

"Utamnong'oneza?"

"Ndiyo. Tusikuze mambo."

"Waliposema siwezi, walinong'ona?"

Protasi alizisogeza kuni mekoni. Albina akaendelea kusonga ugali.

Jumapili, sengu ikakaa. Walikula ugali na maharage. Gaudence alifika na kamba mpya ya kufungia magunia. Alikuwa ameshaipima baiskeli kwa macho kabla hajanawa mikono.

Chakula kilipoisha, Albina alisimama.

"Baba, shemeji amekuja kuchukua baiskeli. Sina ubishi. Ila nimwandalie kwanza."

Alitoa spana kwenye khanga. Mawifi wakatazamana. Aliinama mbele ya wote, akalegeza nati zote mbili. Akalisukuma gurudumu mbele mpaka likagota, akakaza.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote nilipoanguka. Shemeji, wewe unajua pedeli. Panda mpaka pale barabarani."

Kutoka uani kwa Mzee Xaveri mpaka barabarani kuna kilima kifupi. Gaudence alipanda kwa mbwembwe. Alisimama juu ya pedeli. Akakanyaga mara mbili, tatu. Krrr! Miguu ilizunguka bure, baiskeli ikasimama, naye akashuka ghafla juu ya bomba la fremu. Alitoa sauti ambayo si ya mtu mwenye mbwembwe.

Ukoo mzima ulicheka. Bibi mmoja aliyekuwa amesinzia aliamka kuuliza nani ameanguka.

"Shemeji!" Albina aliita. "Pole sana! Nayo ni miguu ya shamba?"

Gaudence alirudi akiisukuma baiskeli, mikono myeusi, na shati lake jeupe limechorwa mstari wa grisi. Albina aliipokea. Alilegeza nati. Alirudisha cheni kwenye meno. Alivuta gurudumu nyuma mpaka kwenye alama zake, akachungulia likae katikati, akakaza kidogo huku na kidogo kule. Alipima kwa kidole, akazungusha pedeli, akapima tena. Akabana breki. Kisha akapanda kilima kilekile bila haraka, akafika barabarani, akageuka, akashuka kwa breki mpaka mbele ya Mzee Xaveri. Cheni haikutikisika.

"Mkwe wangu," mzee alisema, "ugonjwa ulikuwa nini?"

"Baba, mwulize anayeiosha."

Macho yote yakamgeukia Protasi. Alitazama vidole vyake kama siku ile. Safari hii akasimama.

"Kosa lilikuwa langu. Nililiweka gurudumu vibaya kila Jumamosi. Niliwaambia hapa kuwa mwenzangu haiwezi. Ilikuwa si kweli. Asiyeweza nilikuwa mimi."

"Umesikika," Mzee Xaveri alisema. "Neno la wiki iliyopita limefutwa. Baiskeli haitoki. Gaudence, kahawa yako utabeba kichwani, au umwombe mwenyewe kwa adabu."

"Shemeji," Gaudence alianza kwa upole, "siku ukiwa na nafasi..."

"Kwanza lirudi panga."

Kesho yake asubuhi Albina alifunga kindoo kwenye keria. Alipita pale dukani. Wanaume walikuwapo. Hakuna aliyetoa ushauri. Mmoja tu alimkimbilia, akauliza taratibu kama angeweza kumtazamia cheni ya baiskeli yake, maana nayo tangu aioshe ilikuwa inamsumbua. Albina akamwambia angoje, mama yake kwanza.

Bibi Kunigunda alisikia kengele ya baiskeli mlangoni, akapapasa kindoo kwa mikono miwili. Akaivuta mikono haraka.

"Aa! Wa moto!"

"Ndiyo, mama. Pole, upoze kwanza."

"Nani aliyetengeneza baiskeli?"

"Mimi."

Bibi alikunywa funda moja, akalisikia likishuka, akacheka na meno yake machache.

"Basi ukirudi, wasalimie hao waliosema huwezi. Waambie mimi nimeungua ulimi."